Mpira wa kukaa, wa kuingiza na kutoa, wa tumboni, au pampasi: tumchagulie mgonjwa wetu njia ipi ya kukojoa?

Mdogo wangu aliporudi nyumbani Pasua, hapa Moshi, baada ya ajali ya bodaboda, tulikuwa tunawaambia wageni kwa furaha kwamba mkojo hauna shida, anakojoa vizuri. Alikuwa ameumia uti wa mgongo, pingili ya 10 ya kifua. Miguu ilikuwa haisogei, na chini ya kitovu hakuwa na habari ya chochote. Kila baada ya saa mbili tatu pampasi inalowa, tunabadilisha, tunampaka mafuta, tunamshukuru Mungu.

Wiki ya tatu akaanza homa ya kutetemeka. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuja kumwona. Alifunua shuka, akaweka kiganja chini ya kitovu cha mdogo wangu, akakaa kimya kidogo. "Dada, hebu niletee jagi lenye mistari," akaniambia. Alinawa, akavaa glovu, akapitisha kwenye njia ya mkojo mpira mwembamba usio na puto. Mkojo ukaanza kushuka, mzito, rangi ya chai kavu, ukashuka na kushuka mpaka jagi likafika mililita 900. Na pampasi aliyokuwa amevaa dakika ileile ilikuwa imelowa chapachapa.

"Huyu hakojoi," sista akasema. "Huyu anafurika."

Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hushika kama mililita 400 hadi 500. Cha mdogo wangu kilikuwa kimejaa karibu mara mbili, na kile tulichokiona kwenye pampasi kilikuwa ni kilichokosa nafasi, kama pipa la mvua lililojaa likimwagikia pembeni. Wodi tuliyotokea ilituruhusu na furushi la pampasi, na hakuna aliyetueleza kwamba kuna njia nyingine, wala kwamba njia hizo zinatofautiana. Ndiyo maana naandika hapa nilichojifunza tangu siku ile, nikizipanga njia hizo ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya nyumba nyingine za Moshi na Arusha zenye mgonjwa kama wangu.

Kabla ya kulinganisha mipira, kijue kibofu

Kibofu kina kazi ya kutunza na kazi ya kutoa. Ubongo na uti wa mgongo ndio hukiambia sasa ni zamu ya kazi ipi. Mawasiliano hayo yakiharibika, shida haifanani kwa kila mtu, na hapa ndipo familia nyingi hukosea: tunaazima njia ya mgonjwa wa jirani bila kujua kama ugonjwa ni uleule.

Aliyepata kiharusi mara nyingi anausikia mkojo lakini hawezi kuuzuia, ukimjia umemjia. Mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka mikono, huamka usiku mara nyingi kukojoa. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na mishipa ya fahamu iliyokufa ganzi, kibofu kinajaa na kuvutika bila yeye kujua, akakaa nusu siku hajaenda chooni na asione ajabu. Aliyeumia mkia wa uti wa mgongo, kule chini kabisa, kibofu chake kwa kawaida hulegea tu. Aliyeumia juu zaidi, iwe ni kwa ajali, kwa kifua kikuu cha mgongo au kwa uvimbe, huwa na shida mbaya kuliko zote: kibofu hujikaza chenyewe bila ruhusa, na papo hapo mlango wake nao hujikaza. Wawili hao wanaposukumana, presha hupanda ndani na mkojo hurudi juu kwenye figo. Hakuna maumivu, kwa sababu mgonjwa hasikii. Figo hufa polepole watu wakiwa wanahesabu pampasi.

Kwa hiyo swali la kwanza si "tumzuieje asilowe?" Nguo kavu haithibitishi kwamba figo ziko salama, na nguo iliyolowa haithibitishi kwamba kibofu kimetoa mkojo wake. Swali la kwanza ni: baada ya kukojoa, kinabaki kiasi gani? Hicho ni kipimo cha dakika chache tu cha ultrasaundi. Mgonjwa akojoe kwanza, kisha apimwe. Mwambie daktari waziwazi, "tunaomba mkojo unaobaki upimwe," kwa sababu ukiomba ultrasaundi ya tumbo tu, unaweza kupimwa kibofu kikiwa kimejaa na jibu lisikusaidie.

Moshi tuna KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Ipo pia Mawenzi. Arusha kuna Mount Meru. Popote utakapoanzia, figo zipigwe ultrasaundi na damu ipimwe kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kisha irudiwe angalau mara moja kwa mwaka hata kama mgonjwa hana dalili. Na kuna jambo nililochelewa kulijua: aliyepooza hupungukiwa na nyama za mwili, na kreatinini hutokana na misuli. Jibu lake linaweza kusomeka zuri wakati figo zimeanza kuchoka. Usiridhike na damu peke yake.

Mpira wa kukaa na mpira wa kuingiza na kutoa

Hawa ndio washindani wakubwa, na hapa nitakaa zaidi.

Mpira wa kukaa ndio ule tunaouona wodini, wenye puto dogo linalojazwa maji, kwa kawaida mililita 10, ili usichomoke, na mfuko unaoning'inia. Huitwa Foley kwa jina la daktari wa Marekani aliyeutengeneza miaka ya 1930. Mpira wa kuingiza na kutoa hauna puto. Ni mrija mnyoofu, dukani uulizie Nelaton; unaingizwa, mkojo unatoka wote, unachomolewa, na mgonjwa anabaki hana kitu mwilini mpaka zamu nyingine. Zamu ni 4 hadi 6 kwa siku.

Uzuri wa mpira wa kukaa sitauficha. Mtunzaji analala. Mgonjwa dhaifu hageuzwi geuzwi usiku. Ukitaka kumpeleka kliniki kutoka Same au Rombo, unapanda naye gari bila wasiwasi wa choo njiani. Kazi yake kubwa ni kumwaga mfuko na kuosha, na mtu yeyote nyumbani anaweza kufundishwa kwa nusu saa. Wiki za kwanza baada ya ajali au kiharusi kizito, wakati mgonjwa anaongezewa maji ya mishipa na hali haijatulia, ndio unaofaa, na sisi tungeshukuru kama mdogo wangu angerudi nao nyumbani badala ya pampasi.

Ubaya wake huja taratibu. Kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Mwezi ukiisha, karibu kila mtu anao. Kisha huja mawe ya kibofu, mpira kuziba kwa machicha, kibofu kusinyaa kwa kukosa kujaa. Kwa mwanaume, ukiachwa uning'inie bila kufungwa pajani au kubandikwa tumboni, mfuko mzito huuvuta, na siku moja utakuta uume umechanika kwa chini taratibu kana kwamba umepasuliwa. Nilimwona kijana wa namna hiyo kwenye benchi la kliniki, na mama yake alikuwa hajui kwamba plasta ya kubandika tu ingemwokoa. Kwa mwanamke, njia hupanuka, mkojo ukaanza kupita pembeni ya mpira, na watu huja na suluhisho la kuweka mpira mnene zaidi. Mpira mnene hupanua njia zaidi. Ukisikia ushauri huo, ukatae, urudi kwa daktari.

Mpira wa kuingiza na kutoa una historia inayonipa moyo. Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi walioumia uti wa mgongo walikufa kwa sumu ya mkojo na vidonda vya kulalia. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua kituo cha uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akaanza kuwatoa wagonjwa mkojo kwa vipindi, kwa usafi mkali wa chumba cha upasuaji. Mwaka 1972, huko Michigan, Marekani, Jack Lapides akachapisha jambo lililowashangaza wenzake: usafi wa kawaida wa mikono na maji na sabuni unatosha, mgonjwa ajifanyie mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachokaribisha maambukizi zaidi ni kibofu kilichojaa mpaka damu haipiti vizuri kwenye ukuta wake; kikitolewa mkojo mara kwa mara, mwili wenyewe hupambana na vijidudu vichache vinavyoingia.

Hoja hiyo ndiyo iliyomshawishi baba yetu, aliyekuwa anasema, "Mwanangu, utajichoma uozo ndani." Sista alimweleza habari ya bwawa: maji yanayotembea hayanuki.

Mdogo wangu sasa hufanya hivi. Anakaa ukingoni mwa kitanda, magoti yameachana, beseni chini. Ananawa mpaka kwenye vifundo vya mikono kwa sabuni ya mche, anavuta govi, anaosha uume kuanzia kwenye tundu kwenda nyuma, anapaka jeli urefu wa kidole kwenye mpira. Anaushika uume ukiwa umeelekea juu, anaingiza taratibu. Kuna mahali mpira unagoma, karibu na mlango wa kibofu. Hapo hasukumi. Anavuta pumzi, anakohoa kidogo, anasubiri mlango ulegee, ndipo anaendelea. Mkojo ukianza kutoka anauingiza sentimita mbili zaidi, anasubiri. Ukikoma, anauvuta polepole, na karibu kila mara kuna mkupuo mwingine wa mwisho uliokuwa umebaki chini. Huo wa mwisho ndio wa muhimu, ndio unaooza ukiachwa. Dakika saba, nane, basi. Wanawake huanza kwa kutumia kioo kidogo, na baadaye wengi huacha kioo wakawa wanajua kwa kugusa.

Saizi zina rangi mwishoni mwa mpira: nyeupe ni 12, kijani ni 14, chungwa ni 16. Mtu mzima kwa kazi hii mara nyingi hutumia 12 au 14. Lengo ni kwamba kila zamu isizidi mililita 500. Zikizidi, ama ongeza zamu ama tazama ulikunywa nini. Kwa siku lita moja na nusu hadi mbili zinatosha, zikigawanywa, na chai ya jioni ipungue ili usiku asiamke.

Sasa mzani. Kwa figo, kwa maambukizi mazito, kwa maisha ya ndoa na kwa heshima ya mtu mwenyewe, mpira wa kuingiza na kutoa unashinda, na madaktari wa mkojo duniani kote huuweka mbele kwa mwenye mikono inayofanya kazi. Kwa usingizi wa mtunzaji na kwa mfuko wa nyumba, wa kukaa unashinda. Piga hesabu: zamu 5 kwa siku ni mipira 150 kwa mwezi, kama kila mmoja utatumika mara moja kama kiwanda kilivyoandika. Mpira mmoja wa kukaa wa kawaida wa latex hubadilishwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na wa silikoni halisi unaweza kufika wiki 12. Ndiyo maana familia nyingi huku kwetu huosha mipira ya Nelaton na kuirudia. Nasi tunafanya hivyo, kwa kuelekezwa: unaoshwa palepale nje na ndani kwa maji ya sabuni, unasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, unaning'inizwa ukauke kabisa, unahifadhiwa kwenye kopo safi lenye mfuniko. Ukikakamaa, ukiwa na ukungu au ufa, unatupwa. Na mpira wa mtu ni wa mtu huyo peke yake, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye uwezo wa kutumia mipya kila mara atumie mipya.

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi naye mara nyingi hustahili njia hii, na mama huanza kumfanyia akiwa mchanga kabisa ili figo zisiharibike kabla hata hajaanza kutembea. Akifika umri wa kuanza shule wengi huweza kujifunza wenyewe, na mwalimu mmoja aambiwe ili mtoto apewe muda na sehemu ya faragha. Kwa watoto hawa epuka latex kabisa, kwenye mipira na kwenye glovu, kwa sababu miili yao huichukia kwa urahisi na mzio wake unaweza kuwa mkali. Uliza dukani kabla ya kulipa.

Wa chini na wa tumboni

Kijana mmoja wa Kibosho, tuliyekutana naye kliniki, alianguka kutoka juu ya mparachichi akavunjika shingo. Mabega yanasogea, vidole havishiki. Kumwambia ajiingizie mpira ni kumtania, na mke wake anauza ndizi Kiboriloni tangu alfajiri. Huyu aliwekewa mpira wa tumboni: tundu dogo chini ya kitovu, juu kidogo ya mfupa wa kinena, mpira unaingia moja kwa moja kwenye kibofu.

Ukiulinganisha na wa kukaa wa chini, bakteria ni walewale, mawe ni yaleyale. Usidanganywe kwamba wa tumboni hauna maambukizi. Faida zake ni nyingine. Njia ya mkojo inabaki salama, haichaniki wala haipanuki. Kubadilisha ni rahisi hata mgonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Na jambo ambalo watu huona aibu kuuliza: tendo la ndoa linabaki na nafasi yake. Kwa mwanamke aliyepooza anayehitaji mpira wa kudumu, mimi naona huu ni wa heshima zaidi.

Gharama yake ni upasuaji mdogo, na badiliko la kwanza lazima lifanywe hospitali, baada ya tundu kukomaa, kama wiki 4 hadi 6. Ukichomoka kwa bahati mbaya, msingoje kesho. Tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Shika njia usiku huohuo.

Kuna hatari moja inayowahusu walioumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, na kijana wa Kibosho ni mmoja wao. Kibofu kikijaa au mpira ukijikunja, mwili huipandisha presha ya damu ghafla: kichwa kinagonga, uso na shingo vinatoka jasho na kuwa vyekundu, vinyweleo vinasimama. Presha yao ya kawaida huwa ya chini, 90 au 100 kwa ile ya juu, kwa hiyo 140 ambayo kwa mwingine si kitu, kwao ni dharura inayoweza kuleta kiharusi. Mkalishe wima, usimlaze. Legeza mkanda na viatu. Fuata mpira wote kwa vidole kutafuta palipojikunja, mwaga mfuko. Kama mkojo hautoki, mpira usafishwe au ubadilishwe sasa hivi. Kama mkojo unatoka vizuri na bado hali ni ileile, shaka inayofuata ni choo kigumu kilichokwama. Mke wake ameandika maneno haya kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kitanda, kwa sababu hata zahanati unaweza kumkuta mhudumu ambaye hajawahi kuona hali hiyo.

Kondomu ya mkojo, pampasi na kitambaa

Hizi hukusanya tu. Hazitoi kitu kwenye kibofu. Ni salama kwa yule ambaye kipimo kimeonyesha kibofu chake kinamwaga karibu chote, shida yake ikiwa ni kutozuia.

Kondomu ya mkojo ni ya wanaume, ina mrija unaoshuka kwenye mfuko wa pajani. Inamwacha mtu mkavu, ngozi haiungui, suruali haioneshi kitu. Ibadilishwe kila siku, ngozi ioshwe na kukaushwa, na saizi iwe sahihi. Nimewahi kuona imefungwa kwa mpira wa kubania noti ili isivuke. Usifanye hivyo kamwe. Asiyesikia maumivu anaweza kupoteza uume kwa kukosa damu, na asubuhi ndipo mnagundua.

Pampasi hailazimu ujuzi na inapatikana kila duka, lakini ukijumlisha za mwezi, si nafuu kama inavyoonekana. Vitambaa vya kanga kuukuu ni nafuu na vinapumua. Shida ni kufua na kukausha, hasa mwezi wa sita na wa saba huko juu Machame na Marangu ambako jua huonekana kwa kubahatisha. Kwa vyote viwili adui ni ngozi yenye unyevu kwenye makalio na kiunoni. Kidonda cha kulalia kikianza, mkojo hukichimba.

Kiharusi: saa, chupa na kiti, kabla ya mpira wowote

Mama yetu mkubwa wa Machame alipata kiharusi upande wa kushoto. Wiki ya kwanza kila kitu kilimtoka kitandani na binti zake walitaka awekewe mpira wa kudumu. Lakini mkojo unaobaki ulikuwa kidogo, na wengi wenye kiharusi hurudisha uwezo wa kuzuia ndani ya wiki au miezi. Kumwekea mpira ingekuwa kumpa ugonjwa mpya.

Tulichofanya ni cha kizamani kabisa. Kila baada ya saa mbili mchana alikalishwa kwenye kiti kilichotobolewa katikati, ndoo chini, hata kama hajasema. Kiti kiliwekwa upande wake wenye nguvu. Choo cha nje kilikuwa hatua thelathini na utelezi. Pale mtu mwenye mguu mmoja hafiki kwa wakati, na si kibofu kilichoshindwa, ni njia. Mtori na papai vilimsaidia choo kikubwa kiwe laini, maana utumbo uliojaa hukandamiza kibofu na kukifanya kikorofi. Mwezi wa tatu alikuwa analowa usiku tu. Mwanaume kwenye hali hiyo apewe chupa kando ya kitanda.

Vidonge na sindano

Kibofu kinachojikaza hovyo kinaweza kutulizwa. Oxybutynin ndiyo ya zamani na ya bei ya kawaida. Hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia jasho, jambo la kuangalia wakati wa joto la mwezi wa pili Moshi mjini, na kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa. Mama mkubwa hatukumpa kwa sababu hiyo. Mirabegron haina sana matatizo hayo ila bei yake ni nyingine, na presha ifuatiliwe. Sindano ya botulinum, uniti 200 kwenye ukuta wa kibofu kwa kutumia kamera, hutuliza kwa takribani miezi 6 hadi 9, kisha hurudiwa. Ni njia nzuri kwa mwenye fedha au bima inayokubali. Tofauti kubwa ya kukumbuka: vyote hivi hulegeza kibofu, kwa hiyo aliyekuwa anabakiza mkojo atabakiza zaidi. Bila mpira wa kuingiza na kutoa, dawa peke yake inaweza kumdhuru. Mdogo wangu hutumia vyote viwili pamoja, na ndipo alipokauka kati ya zamu na zamu.

Yale ambayo siyaweki hata kwenye mzani

Kubonyeza tumbo kwa ngumi ili mkojo utoke. Wengi tulifundishwa hivyo, na kwa macho inaonekana inafanya kazi. Kama mlango umekaza, unasukuma mkojo kwenye figo.

Kumnyima maji ili asilowe. Mkojo unakuwa mzito, mawe yanaanza, mpira unaziba, choo kinakauka.

Na antibiotiki kila mkojo ukinuka au ukiwa na ukungu. Mwenye mpira atapimwa na atakutwa na bakteria, karibu daima. Bila homa, kutetemeka, damu, maumivu ya kiuno, au mikakamao ya miguu iliyozidi kuliko kawaida yake, mara nyingi huko si kuugua. Tulimmezesha dawa mdogo wangu mara nne ndani ya miezi miwili kwa maelekezo ya kituo kimoja cha karibu, mpaka ugonjwa wa kweli ulipokuja dawa tatu za kwanza zikagoma.

Siku tatu za daftari

Kama kesho unakwenda kliniki kuchaguliwa njia, usiende mikono mitupu. Nunua daftari dogo na jagi lenye mistari. Kwa siku tatu andika amekunywa nini na saa ngapi, mkojo umetoka kiasi gani, amelowa saa ngapi, choo kikubwa lini. Andika pia nani atakayekuwa nyumbani saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na kama mgonjwa anaweza kufunga kifungo cha shati, kwa sababu vidole vinavyofunga kifungo mara nyingi vinaweza kushika mpira. Daktari wetu alisoma kurasa tatu zile akaacha kukisia.

Mdogo wangu hajaacha kuandika. Siku hizi anatengeneza simu karibu na soko la Mbuyuni, na kopo lake la mipira liko kwenye begi moja na bisibisi zake. Tukisafiri kwenda Arusha msibani, siku mbili bila uhakika wa choo, huwekewa mpira wa kukaa, ukatolewa tukirudi; alimuuliza daktari kwanza akakubaliwa. Jana daftari lilisomeka, kwa mililita: saa 12 asubuhi 430, saa 4 350, saa 8 mchana 380, saa 12 jioni 400, saa 4 usiku 310.